Jeraha la Mgongoni Ambalo Sikuliandika

Fyuu. Kimya kidogo. Halafu fyuu tena, na mwishoni kitu kama uji unaoanza kuchemka.

Hiyo njo sauti ya kifua kilichotobolewa, batoto bangu. Miaka imepita mingi, meno mawili nimeshang'olewa, majina ya majirani yananipotea, lakini hiyo sauti iko pale pale. Mtu akikohoa, hewa haipiti mdomoni peke yake. Inapita na kwenye jeraha, inainua bandeji, bandeji inarudi chini. Niliisikia nikiwa nimekaa upande huu wa shuka tuliyokuwa tumeitundika iwe rido, katika zahanati ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, kalamu mkononi. Mgonjwa alikuwa upande wa pili. Niliisikia tu, sikuangalia. Na kwa sababu sikuangalia, njo maana leo ninawaandikia.

Nyinyi munaoanza kazi hii ya kuandika rekodi za wagonjwa sasa munakaa mbele ya kompyuta, munaandika herufi tatu na mashine inawaletea namba ya ugonjwa. Vizuri. Katikati ya miaka ya tisini, sisi tulikuwa na daftari kubwa, rula ya mbao, fishi za karatasi ngumu, kila mgonjwa na yake, na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana kalamu za pale zilikuwa zinatembea. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza mgonjwa kwa Kirundi ao Kiswahili, kumwelezea mganga kwa Kiingereza changu cha kuokota, kisha kuandika. Sikusoma sana. Niliishia mwaka wa pili wa sekondari, vita ikafunga shule. Walinichukua kwa ajili ya mwandiko.

Na nilikuwa mtu wa ndoto, sitawaficha. Nilikuwa na miaka ishirini, naimba nikifagia. Niliota nitakuwa daktari, Désiré mchumba wangu atakuwa mwalimu, tutakaa Lilongwe katika nyumba ya vioo madirishani. Mitaa ya kule inaitwa Area na namba; Area ngapi, hata sikujali. Kambini watu walikuwa wanalia, mi nachora nyumba nyuma ya fishi zilizoharibika.

Na fishi niliziharibu kweli. Wiki ya kwanza alikuja kijana aliyepigwa pembe na ng'ombe ubavuni. Alikaa mbele yangu, nikaona jeraha liko upande wa mkono wangu wa kushoto, nikaandika kushoto. Bambo Mwale, yaani Bwana Mwale, mganga wetu Mmalawi, akasoma, akaenda kumbonyeza ubavu wa kushoto. Kijana anamtazama tu. Anabonyeza tena. Kijana anatabasamu.

"Huyu ni shujaa," Bambo Mwale akasema, "ao karani wangu ni kipofu."

Akanishika mabega, akanisimamisha sambamba na mgonjwa, wote wawili tukiangalia ukuta. "Kulia ni kulia kwa mwenye mwili, Esperansi. Kulia kwako kuache nyumbani."

Aliongea Kichewa na Kiingereza, mi nawawekea kwa lugha yetu. Lilikuwa kosa la kuchekesha kwa sababu lilisahihishwa palepale. Kosa la karatasi likisahihishwa siku hiyohiyo ni mzaha. Likilala, linaota mizizi.

Sasa niwaelezee jambo moja ambalo wenzangu wa kwetu wanalijua na wengine hamulijui. Kwetu Rumonge, Burundi, mukazana, yaani mke wa mtoto, anamwogopa baba mukwe kwa heshima. Hataji jina lake. Akikutana naye njiani anasogea pembeni. Hali naye meza moja. Na kumuona bila shemisi, yaani shati, kifua wazi? Heri ardhi ipasuke. Mi nilikuwa bado sijaolewa, mahari yenyewe ilikuwa maneno matupu maana ng'ombe walibaki kwetu, lakini mama alinilea vizuri, nilianza kuogopa mapema. Kwa hiyo jina la baba yake Désiré hamutalisoma hapa. Nitamwita Mzee.

Désiré alimleta kwenye baskeli, amemfunga kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma asianguke. Mzee alikuwa amepigwa risasi kwetu miezi mingi nyuma, akavuka Tanzania nzima na tundu kifuani. Akaingizwa nyuma ya rido. Bambo Mwale akainua bandeji, akasikiliza kwa mipira ya masikioni, akatoka na uso umekunjamana.

"Kifua kimejaa usaha. Aende Lilongwe leo, gari inaondoka saa sita."

Hajamaliza kusema, wanawake wawili wakaingia wanamburuta mwenzao mwenye uchungu wa kuzaa, mkono wa mtoto umeshatangulia. Bambo Mwale akanitupia fishi. "Jaza mstari wa jeraha. Angalia, pima, andika. Nitasaini nikirudi. Lemba, lemba!" Njo neno lake hilo, andika, alikuwa analirudia kama mtu anayefukuza kuku.

Nikasimama. Nikashika ukingo wa shuka. Nikauachia. Nikakaa.

"Mzee," nikaita kutoka upande wangu, "jeraha liko wapi?"

"Liko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa mbele, mukazana. Kulia, chini ya titi."

Hata yeye alikuwa anaona aibu kunitamkia neno titi, nilisikia sauti imeshuka.

"Ni moja?"

Akakohoa. Fyuu. "Hili njo linaniua," akasema.

Nikaandika: Jeraha moja. Kifua, mbele, kulia. Risasi iliingilia hapo.

Soma tena maneno ya mwisho. Nani aliniambia risasi iliingilia hapo? Hakuna. Lilitoka kichwani mwangu. Nafasi ilikuwa imebaki kwenye mstari, na mi nilikuwa mtu wa kupenda mistari iliyojaa. Bambo Mwale akarudi na damu mpaka kwenye viwiko, akauliza, "Umepima?" nikaitika, akaangalia saa, akasaini. Mtoto yule wa mkono alizaliwa mzima, asante Mungu. Gari ikaondoka na Mzee.

Kule hospitali wakamwekea mrija, usaha ukatoka ndoo nzima, akaanza kulala usiku. Mi nikafurahi. Nikafurahi zaidi mwezi uliofuata, walipoamua kunipeleka hospitali hiyohiyo nijifunze namba za magonjwa. Nililala Area 36 kwa Mama Furaha, fundi cherehani wa Uvira, ambaye kila asubuhi alikuwa ananitania: "Haya, dokta wa makaratasi, nenda ukaponyeshe fishi!"

Chumba cha rekodi kilikuwa na dirisha lisilofunguka na mzee mmoja anayeitwa Bambo Kachale. Ujana wake aliishi Mbeya, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, na hakuacha kunikumbusha.

"Binti, mbona unasema bantu? Sema watu."

"Bantu, watu, si banaumia sawasawa?"

Alicheka mpaka akakohoa vumbi la mafaili. Lakini kwenye kazi hakuwa na mchezo. Alifungua kile kitabu kikubwa cha namba, akaniwekea kidole kwenye S21, vidonda vya wazi vya kifua.

"Kifua ni nini?"

Nikajigusa mbele.

"Hapana. Hicho ni kipande. Kifua ni ndoo, binti, si mlango. Ukuta wake unazunguka. Ukiniambia ndoo imetoboka, nitakuuliza, wapi kwenye duara? Nukta moja ni ukuta wa mbele. Nukta mbili ni ukuta wa nyuma, huko unakokuita mgongo. Nukta saba, majeraha ni mengi. Nukta tisa, aliyeandika hakusema ni wapi. Na tisa si aibu! Mwenye aibu ni yule anayejaza asichokiona."

Alinifundisha mengine, yachukueni bure. Jeraha lipime kwa rula, usiandike kubwa ao dogo, maana kidogo cha mganga ni kikubwa cha mgonjwa. Hesabu mbavu, sema ni umbali gani kutoka chuchu ao kutoka uti wa mgongo. Uliza kama limeingia mpaka ndani, maana hewa iliyonaswa ndani ina namba yake, damu ina yake, zote mbili pamoja zina yake. Kilichomtoboa nacho kina namba yake, kisu si risasi, risasi si pembe. Na tundu la risasi, karani haandiki liliingilia ao lilitokea. Hiyo ni kazi ya daktari, na daktari mwenyewe mwenye akili anasema kwa kujizuia.

Aliposema hayo nilikumbuka nilichojaza kwenye mstari wa Mzee. Nikajiambia, Mzee amepona, nani atasoma ile fishi tena?

Jumamosi moja nilikuwa soko la Tsoka nachagua usipa, wale samaki wadogo wakavu, Désiré akatokea kati ya watu. Alikuwa ametoka Dzaleka tangu alfajiri. Hakunisalimia.

"Bamemukatalia Mzee."

"Bamemukatalia nini?"

"Ukimbizi. Alienda mahojiano. Akabaambia, nilikimbia, nikapigwa nikikimbia. Yule wa mahojiano akafungua karatasi za hospitali. Akamuuliza, mzee, mtu anayekimbia anapigwaje kifuani? Ulikuwa umegeukia nani? Ulishika nini mkononi?" Désiré akashusha sauti. "Banasema ni mupiganaji. Jina bamelitoa kwenye orodha ya posho ya chakula. Iko siku chache tu za kukata rufaa."

Mwenye usipa aliuliza kama nachukua ao sichukui.

"Nashindwa kuelewa," Désiré akaendelea. "Risasi ilimuingilia mgongoni. Mi mwenyewe nilimuosha njiani, tundu la mgongoni lilipona kabla ya lile lingine. Nani aliandika mbele?"

Ningeweza kunyamaza. Kuliandikwa karatasi nyingi kule hospitali, nani angejua? Lakini alikuwa ananiangalia machoni.

"Njo mimi," nikasema.

Aliangalia wale samaki kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mmoja anayemjua. Halafu akaondoka, na mi nikabaki nimeshika kopo la kupimia.

Jumatatu nilimweleza Bambo Kachale yote, mpaka rido, mpaka mama alivyonilea. Nilidhani atanifukuza. Alitafuta faili la Mzee, akalifungua, tukasoma pamoja. Karatasi ya kupokelewa: jeraha moja, mbele, risasi iliingilia hapo. Karatasi ya wodi, vilevile. Karatasi ya kuruhusiwa, vilevile, mpaka nafasi kati ya maneno. Nafikiri kuna watu waliliona lile kovu la nyuma wakimgeuza kitandani. Hakuna aliyeliandika, kwa sababu fishi ya kwanza ilikuwa imeshasema moja. Kila mmoja alinakili aliyemtangulia, na aliyewatangulia wote ni mimi. Mwisho kabisa kulikuwa na namba, S21 nukta moja, kwa mwandiko mzuri wa kulala.

"Huu ni mwandiko wangu," Bambo Kachale akasema. Akavua miwani. "Nilinakili na mimi."

Alizunguka siku mbili kumwomba daktari mmoja wa kike dakika kumi. Alhamisi Désiré akamleta Mzee. Chumba kilikuwa kidogo, na Désiré akabaki mlangoni, hakunitazama. Daktari alikuwa na haraka. "Nitapima na kusema. Nani anaandika na kutafsiri?"

Bambo Kachale akanisukuma mgongoni.

Mzee alikuwa ameshaanza kufungua vifungo. Aliponiona akashika shemisi kwa mikono miwili kama inataka kuruka. "Désiré aandike," akasema kwa Kirundi.

"Hawezi, baba. Hajui maneno ya kazi." Kisha nikasema lililonileta. "Na mimi njo niliyeharibu. Ile fishi ya kwanza niliiandika mimi. Sikufungua rido."

Daktari akaangalia saa yake. Nilimuona Mzee anarudi nyuma kichwani, anahesabu ile asubuhi, sauti yangu upande mmoja wa shuka na yake upande wa pili. Halafu akacheka, kicheko kikawa kikohozi, akasubiri kiishe.

"Kumbe," akasema. "Uliniheshimu."

Nikashika kalamu.

"Basi leo usiniheshimu," akasema. "Angalia." Akavua shemisi, akanigeuzia mgongo.

Niliangalia. Ulikuwa mgongo wa mtu wa kulima, mbavu zote zinahesabika. Daktari alitamka, mi niliandika: kovu la duara, milimita nane, kingo laini, nyuma kulia, usawa wa ubavu wa sita, kati ya uti wa mgongo na mfupa wa bega. Kisha mbele: kovu lenye kona, sentimita tatu, kingo zimechanika. Akaongeza kwamba makovu haya mawili yanalingana na risasi iliyopita kutoka nyuma kwenda mbele. Yanalingana, alisema. Hakusema zaidi.

Mzee akasema, "Mwambie nilikuwa nimeinama kwenye maharagi, nakimbia."

Nilitafsiri. Daktari akanionyesha mahali pengine kwenye karatasi. "Hilo ni neno lake, si la macho yangu. Liandike hapa, chini ya maneno ya mgonjwa, kama alivyolisema." Batoto bangu, na hilo mulishike. Yale ya macho kwake, yale ya mdomo kwake. Ukiyachanganya, yote mawili yanakosa kuaminika.

Fishi ya zamani hatukuifuta. Nilipiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, yasomeke bado, nikaandika pembeni kwamba nimekosea, na jina langu. Bambo Kachale akapiga mstari kwenye namba yake, akaandika nukta saba, akaweka jina lake chini ya langu. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Faili lake lote la miaka lilikuwa safi.

Barua ya rufaa, pamoja na karatasi ya daktari, niliipeleka mwenyewe kwa miguu. Nilipita Capital Hill saa ya chakula, wafanyakazi wa serikali wenye tai wamekaa kwenye nyasi wanakula mandasi kwenye gazeti, wanacheka. Kwenye ofisi ya wakimbizi, mama wa dirishani alipiga muhuri wa kupokea, akasema tusubiri. Alisema kwa upole. Nilimwambia zikomo, asante, mara tatu.

Tulisubiri. Mi nilirudi Dzaleka kazini, nikawa nafungua rido kila saa, mpaka wazee wakalalamika kwamba yule binti hana haya. Mzee alikuwa anakula posho ya Désiré. Halafu akawa anaila nusu. Halafu akawa anasema ameshiba. Usiku kifua chake kilikuwa kimya, kimepona, hakuna fyuu tena, lakini mtu mwenyewe alikuwa anaisha. Majirani walikuwa wamesikia neno mupiganaji, na wengine kati yao walikuwa wamezika watu wao waliouawa na wapiganaji. Mama mmoja alihamisha kiti chake kanisani.

Siku moja Désiré alinikuta kwenye bomba la maji.

"Tunaondoka. Zambia ao mbele zaidi."

"Barua itajibiwa."

"Yeye anasema karatasi ikishamuita mtu muuaji, karatasi ya pili haimuogeshi." Akachukua ndoo yangu, akanijazia, kama zamani. "Anasema hana kinyongo na wewe."

"Na wewe?"

"Mi niko nacho," akasema. "Kidogo. Kitaisha nikifika mbali."

Siwezi kuwaambia kama kiliisha. Waliondoka Jumapili watu wakiwa kanisani, na baskeli.

Jibu lilikuja mahindi yakishavunwa. Walibandika karatasi kwenye ubao nje ya ofisi ya kambi, na jina la Mzee lilikuwa la nne kutoka juu: kesi yake imefunguliwa upya, afike. Watu walikuwa wanasukumana, kila mtu anatafuta jina lake. Nilisoma lile jina kwa macho tu. Kijana wa ofisi akauliza kwa sauti nani anamjua huyu mzee, akauliza mara mbili, akaendelea na mwingine.

Niliendelea na kazi ile miaka mingi. Sikuwa daktari. Nilifundisha makarani kumi na zaidi, na kila mmoja nilimwambia habari za ndoo na ukuta unaozunguka. Hii ya Mzee nilikuwa sijamwambia hata mmoja wao.

Siku ile jina la Mzee lilipobandikwa ubaoni, nilirudi nyumbani mapema. Nilifunga mlango, nikaweka jiwe. Nikafungua blauzi, nikasimama katikati ya chumba, nikapeleka mkono wa kulia nyuma, kutoka chini, nikitafuta pale penye kovu la Mzee, nikihesabu mbavu kwa kidole: wa kumi, wa tisa, wa nane. Nikaishiwa mkono. Nikajaribu kutoka juu, begani. Nikajaribu mkono wa kushoto. Vidole havikufika. Nikabaki nimesimama hivyo, kiwiko juu, mpaka bega likaanza kuuma.